Kilichojazwa puani

Jumapili, Kirumba, Mwanza

Watu wakija kunipa pole wanauliza kama kisu kiliuma. Kisu sikukisikia, nilikuwa nimelala usingizi wa dawa. Aliyefanyiwa upasuaji wa sainasi, yale matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, anakumbuka kile alichojazwa puani baada ya kisu, na siku ya kukitoa.

Mimi nimejazwa mara mbili, maana nyama za pua zina tabia ya kuota tena hata zikikatwa vizuri. Mara ya kwanza, miaka ya nyuma, ilikuwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ndefu na iliyopakwa vaselini, ikakunjwa tabaka juu ya tabaka mpaka pua zote mbili zikaziba. Kazi yake ni kubana mishipa ili damu isivuje, na inaifanya barabara. Taabu ni kuishi nayo. Unapumua kwa mdomo usiku kucha, ulimi unakauka na kugandamana na kaakaa, na ukimeza hata uji masikio yanaziba, kwa sababu hewa haina pa kutokea. Mama mdogo aliniletea sato mzima wa kuchemsha, nikamwangalia tu. Sato, si mama.

Kutoa ndiyo habari yenyewe. Nesi alinikalisha, akanipa kibakuli nikishike chini ya kidevu, akasema, "Kaka, pumua kwa mdomo, na usinishike mkono." Akavuta. Ikaja. Ikaendelea kuja. Nilidhani imeisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Gozi ya namna hiyo katika pua moja yaweza kuzidi mita. Machozi yalinitiririka bila mimi kulia, na nyuma ya gozi ikafuata damu mbichi, si nyingi. Upande wa pili niliomba tuahirishe. Hakunisikiliza, na alifanya la maana.

Jirani yangu wa kitanda yeye alikuwa na sponji. Ile huja kavu, imebanwa ikawa ngumu na nyembamba. Ikiingia puani na kulowa, inavimba mpaka inajaza nafasi. Ina uzi unaobandikwa shavuni kwa plasta, isije ikateleza kwenda kooni. Inaingia haraka na inatoka kwa mvuto mmoja. Ila ina vitundu vidogo vidogo ambamo kidonda kinajishika, kwa hiyo huo mvuto mmoja ukifanywa pakavu ni balaa. Inatakiwa iloweshwe kwanza kwa maji ya chumvi, halafu watu wasubiri kidogo. Kuna madaktari wanaoivalisha kidole cha glavu kabla ya kuiingiza, maana mpira haugandi kwenye kidonda. Katika yote niliyoyasikia, hilo ndilo lililonikosha zaidi. Glavu haikosekani wodini.

Safari hii nimewekewa povu linaloyeyuka lenyewe. Nilipoambiwa hakuna kuvutwa, nilikuwa tayari kusaini karatasi yoyote. Lakini kuyeyuka si kutoweka. Linalegea polepole, linageuka ute wa kahawia wenye vipande, nami kutwa nainamia beseni kuosha pua kwa maji ya chumvi. Ni maji yaliyochemshwa yakapoa. Haya ya bomba yanatoka ziwani, na hata yakitibiwa hayafai kuingizwa puani mabichi. Pua bado nzito. Mabaki yaliyong'ang'ania daktari anayafyonza kwa mrija, na hapo nako kuna kukunja uso. Bima haikuligusa povu hilo, nimelipa mfukoni.

Nilimuuliza daktari lipi bora kati ya haya. Akacheka. Akasema yamelinganishwa sana na hakuna lililoshinda kwa kila kitu: linaloyeyuka linakuokoa na maumivu ya kutolewa, lakini ukija kwenye kupona kwa kidonda na makovu yanayounganisha kuta za pua, majibu yanapishana. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: damu ikidhibitiwa vizuri pale pale mezani, wagonjwa wengi hawahitaji kujazwa chochote. Na kinachokaa puani muda mrefu kina hatari yake, kwani bakteria wa stafilokokasi wanaweza kutoa sumu humo. Ni nadra, ila ndiyo maana ukipata homa kali na vipele huku umezibwa pua, hungoji kesho.

Shemeji yangu anauza dagaa Mwaloni, naye kapangiwa upasuaji kama wangu. Jana jioni alipita, nikamwelekeza: aulize kwanza kama lazima ajazwe, kama ni lazima, sponji ivalishwe glavu, na dawa ya maumivu ainywe kabla ya kutolewa, asingoje baada. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifukuza wadudu wa ziwani waliojaa kwenye taa.

"Na hilo lako la kuyeyuka ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Basi shemeji, mimi niandalie kibakuli."