Siku Moja na Barua Pepe za Bi Mhasibu

Saa moja na nusu asubuhi natoka Makorora kwa baiskeli, navuka reli, naingia mjini Tanga. Mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa ofisi ya uwakala wa forodha. Cheo hicho ni pamoja na kubadilisha wino wa printa na kumwita fundi kiyoyozi kikianza kudondosha maji. Leo zamu ni ya Bi Mhasibu. Programu yake ya barua pepe, Thunderbird, ukiifungua, unaweza kwenda kununua maandazi ukarudi, bado inajikongoja.

Saa mbili. Kabla ya kuitibu nanakili kila kitu pembeni, na kabla ya kunakili nafunga programu. Mwaka jana nilinakili ikiwa wazi, nikaambulia faili nusu. Kisha naingia kwenye folda iliyofichwa ya AppData, natelemka mpaka Profiles. Humo mna kila kitu: barua tangu 2011, anwani, mipangilio, hata nywila. Jumla GB 11. Inbox peke yake ni GB 6.3, maana barua zote za folda moja zimeshonwa ndani ya faili moja, kama mkeka uliokunjwa. Na sisi tunatumia POP, njia ya kushusha barua kutoka seva hadi kompyuta, tena tumeipanga isibakize kitu. Barua ikishashuka, kwenye seva imefutwa. Nakala iliyopo duniani ni hii iliyo chini ya meza yake, karibu na ndoo ya deki.

Saa tatu ananipa fleshi ya GB 32. "Tia humo, mwanangu." Inakataa: faili kubwa mno.

"Mbona nafasi ipo?"

Nafasi ipo, Bi, ila fleshi imefomatiwa kwa FAT32, haibebi faili moja la kufika GB 4. Ningeifomati upya kwa exFAT, mfumo unaobeba faili kubwa, lakini ina picha za harusi ya bintiye, na mimi bado nataka kuishi. Naazima eksteno, diski ya nje, ya bosi.

Saa nne na nusu, nakala ikiwa zaidi ya nusu, umeme unakatika. Naanza upya saa sita.

Saa nane kazi ya kunakili imekwisha, nimekula wali samaki. Sasa niipunguzie Inbox uzito. Barua uliyoifuta Thunderbird huiwekea alama tu. Inabaki ndani ya faili mpaka uibane folda. Naona kwenye takataka barua 4,200. Kidole kiko tayari kumwaga, nauliza kwa adabu tu:

"Bi, hizi za takataka natupa, eh?"

Kikombe kikagonga meza. "We! Usiguse! Hizo ndizo zangu za maana!"

Ankara, risiti za ushuru, barua za wateja, zote ziko jaani. Sheria inataka nyaraka za kodi zitunzwe miaka 5, naye kazitunza humo.

"Kwa nini huko, Bi?"

"Nabonyeza kitufe kimoja inaniondokea machoni. Tena jalalani nani atakwenda kuiba?"

Sikuwa na jibu. Kitufe kimoja kwa kitufe kimoja, basi: nikamwonyesha herufi A. Chagua barua, bonyeza A, inakwenda kwenye hifadhi, kila mwaka na folda yake. Tukaanza na za jaani, kisha za zamani za Inbox. Ndipo nikabana. Inbox ikashuka hadi MB 700, na programu ikafunguka kabla sijaketi vizuri.

Saa kumi naunganisha eksteno kwenye laptopu yangu, naielekeza Thunderbird kwenye ile nakala. Bi Mhasibu ananipa mtihani: ankara ya 2013, ya mteja wa mkonge. Inapatikana. Kiambatisho kinafunguka, muhuri unaonekana. "Haya," anasema, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na shaka.

Eksteno naipeleka kwenye sefu ya bosi, kwa sababu ya zile nywila. Nikirudi kuchukua baiskeli nachungulia dirishani. Kabonyeza A. Kasubiri kidogo. Kisha kafungua takataka kuangalia kama imo.