Dada wawili wa Svedmyra kwenye baraza la Ngamiani

Niko Ngamiani, Tanga, likizo ya wiki tatu. Jana jioni nimefanya jambo nililokuwa nikiliwaza tangu napanda ndege Stockholm: nimemsikilizisha shangazi yangu ile albamu.

Ni The Lion's Roar ya First Aid Kit, yaani Johanna na Klara Söderberg, dada wawili wa Kiswidi. Ilitoka Januari 2012, mdogo mtu ndiyo kwanza anatimiza miaka 19. Mimi niliisikia miaka mingi baadaye, nyumbani kwa bibi mmoja ninayemhudumia, maana kazi yangu kule ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Ilikuwa Desemba, saa tisa alasiri na giza limeshaingia. Namfunga bibi vifungo vya sweta, mara redioni gitaa likaanza kulia. Mikono yangu ikasimama kwenye kifungo cha tatu. Lilikuwa gitaa la baba.

Marehemu baba alikuwa karani wa shamba la mkonge huko njia ya Muheza, na kila Jumapili asubuhi alikuwa akiweka kaseti ya Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Kiingereza hatukukijua, lakini nyimbo nzima nzima tuliziimba kwa kubabaisha. Lile gitaa la kantri halikumbatiwi kifuani. Linalazwa kama meza, mpigaji anaburuta kipande cha chuma juu ya nyuzi huku miguu ikikanyaga pedeli na magoti yakisukuma vyuma vya chini yake, ndiyo maana sauti hupanda na kushuka bila kukanyaga ngazi, kama fidla ya taarabu inapomjibu mwimbaji. Kwenye albamu hii linapigwa na Mike Mogis, ambaye ndiye aliyeirekodi kule Omaha, Nebraska, Marekani.

Na hawa mabinti si wa Nebraska! Wamekulia Svedmyra, mtaa wa kusini mwa Stockholm ambao treni yangu ya chini ya ardhi huupita nikienda kazini. Wamependa nyimbo za watu wa mbali mpaka zikawa zao. Wimbo wa pili, "Emmylou", unamwita mpenzi kwa majina ya watu wa kantri: Emmylou Harris na Gram Parsons, June Carter na Johnny Cash. Njoo tuimbe pamoja kama wale, basi, hakiombwi kingine. Mwaka 2015 Emmylou mwenyewe alipokwenda Stockholm kupokea tuzo ya muziki ya Polar, dada hawa wakasimama mbele yake wakamwimbia wimbo mmoja wa kwake, naye akatokwa na machozi. Ile video nimeitazama sijui mara ngapi. Kila nikiitazama namwona baba na kaseti yake.

Sasa shangazi. Yeye ujana wake ulikuwa wa Black Star na Lucky Star, taarabu ya Tanga ya gitaa la umeme na besi, na muziki hapokei hivi hivi. Alikuwa barazani na ungo wa mchele mapajani. Nikaweka simu juu ya kigoda, nikanyamaza. Haikupita dakika akasema, "Hawa wamenyonya ziwa moja."

Sikuwa nimemwambia neno. Nikamuuliza amejuaje.

"Msikilize yule wa sauti ya chini. Anamngoja mwenziwe hata pale asipotakiwa kumngoja."

Nimeisikiliza albamu hii miaka yote na sikuwahi kulisikia hilo. Sasa silisikii jingine.

Ulipofika wa nne, "Blue", vidole vikaanza kucheza kwenye ungo, kwa sababu ni wimbo mwepesi, wa kuchangamsha. "Huu wa harusi," akasema. Nikamfasiria: ni mwanamke ambaye mwanamume pekee aliyempenda alikufa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 22, naye tangu hapo yupo yupo tu. Shangazi akauweka ungo chini. Akanitaka niurudishe mwanzo. Ulipokwisha akasema, "Huu ningesimama kutunza."

Aliyewahi kukaa ukumbini na wanawake wa Tanga anajua uzito wa neno hilo. Hunyanyuki na noti mkononi kwa sababu sauti ni nzuri. Unanyanyuka kwa sababu wimbo umekutaja. Shangazi alifiwa na mumewe akiwa bado kijana na hakuolewa tena. Sikuuliza zaidi.

Nyimbo zote hazinishiki hivyo. Baada ya "Blue" mwendo unalegea, na ziko mbili tatu ambazo mpaka leo nazichanganya. Wa mwisho, "King of the World", anapoingia mwimbaji Conor Oberst pamoja na bendi ya Felice Brothers, shangazi aliuita fujo. Mimi naupenda mno, unanijia kama nyumba iliyojaa wageni usiku wa kuagana, na mimi nyumba za namna hiyo nimeziacha nyingi.

Kabla ya kulala nikamwekea albamu nzima kwenye memori kadi ya redio yake ndogo. Asubuhi nimeamshwa na harufu ya maandazi na mlio wa kitufe kikibonyezwa jikoni: kwanza, pili, tatu. Akaacha kubonyeza, na "Blue" ikaanza.