Kocha anashinda kila siku, na watu bado wanamlalamikia

Mi kwetu Mwanza, na mpira niliokuwa naujua ni wa Simba na Yanga basi, kikapu nilikuwa nakiona kwenye fulana za watu tu. Nimeingia Lexington, Kentucky mwishoni mwa 2019, na somo la kwanza kazini halikuwa foklifti, lilikuwa kwamba hapa hutakiwi kumwambia mtu hujui mechi ni saa ngapi. Kuna mzee mmoja mzungu tunapiga naye shifti ya usiku, kofia ya bluu haimtoki kichwani, akaniuliza we unamuonaje kocha wetu. Nikamjibu si anashinda lakini? Weee! Nilipigwa darasa mpaka mapumziko ya kazi yakaisha, chakula changu kimo kwenye maikrowevu hata sijakigusa.

Kocha mwenyewe ni John Calipari. Alikuja chuo cha Kentucky 2009 akakaa misimu 15, kaipeleka timu Final Four, yani nne bora ya vyuo, mara 4, 2012 akabeba ubingwa na Anthony Davis, mechi alizoshinda hapa zimevuka 400, na 2015 wakamuweka kwenye ukumbi wa magwiji wa kikapu akiwa bado anafundisha. Vijana waliopita mikononi mwake utawachoka kuwataja, John Wall, Towns, Booker, Bam, Shai, wote walifika NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa. Sasa mtu wa hivyo unamtafutia udhaifu wa nini, ndo nilikuwa najiuliza. Kumbe hapa kuna watu hiyo ndo ibada yao, wanaamka nao na kulala nao.

Mzee wa foklifti anaanzia mbali, anaanzia 2008 Calipari akiwa chuo cha Memphis. Fainali dhidi ya Kansas, Memphis wanaongoza kwa pointi 9 na zimebaki dakika 2 na kidogo, wakaanza kukosa mitupo huru mmoja baada ya mwingine, uongozi ukashuka mpaka pointi 3, na pale kila mtu nyumbani anapiga kelele mfanyieni faulo mfanyieni faulo, akapige mitupo huru asipige tatu, faulo haikuja, Mario Chalmers wa Kansas akaruka akapiga mtupo wa pointi tatu zimebaki sekunde 2, wakaenda dakika za nyongeza wakafa. Mzee anaisimulia kana kwamba Memphis ndo timu yake, wakati mwaka huo Calipari alikuwa hajawahi hata kuifundisha Kentucky. Anasema ishara ilikuwepo, sisi tukafumba macho.

Halafu inakuja 2015. Hiyo anaisimulia kwa sauti ya chini kama mtu anayesimulia msiba. Kentucky ushindi 38, vipigo 0, hawajafungwa na mtu, benchi lenyewe limekaa Devin Booker, yani mtu wa akiba ndo huyo. Nusu fainali wakakutana na Wisconsin, mwisho mwisho mechi imebana, Kentucky wakamaliza zile sekunde za kurusha anazopewa mwenye mpira mara 3 mfululizo bila kupata tatu wala mbili, mpira unadundwa tu pale juu mpaka king'ora kinalia. Wakalala 71 kwa 64. Siku chache baadaye vijana 7 wakatangaza wanaondoka kwenda kutafuta NBA, na ile timu ikaisha hapo. Mzee anasema kocha mzuri angeita watu akawachorea kitu, huyu alikuwa anasubiri kipaji kijitetee chenyewe.

Basi mi nikawa nimeshiba hoja za mzee, nikawa nazibeba mpaka saluni. Hapa mjini Wakongo ni wengi mno, unaweza ukashinda Jumamosi nzima unaongea Kiswahili tu, saluni, kanisani, duka la unga na samaki wakavu. Na saluni ninayokata nywele mimi, mwenye nayo na nusu ya wateja ni watu wa Lubumbashi na Uvira, na kuanzia 2021 pale Calipari alikuwa hagusiki. Sababu ni moja, Oscar Tshiebwe. Mtoto kazaliwa Lubumbashi, kaja huku kijana mdogo, alianza na mpira wa miguu kama sisi wote, halafu msimu wa 2021 kwenda 2022 anachukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, wastani wa rebaundi 15 kwa mechi, yani mipira iliyokosa kikapu anayoidaka. Fikiria we umeshinda wiki nzima unapanga maboksi, bosi hawezi kutamka jina lako, halafu Jumamosi uwanja mzima wa Rupp, nyumbani kwa Kentucky, watu elfu 20, wanaliita jina la Kikongo na wanalipatia.

Tarehe 17 Machi 2022 nilikuwa palepale saluni, nimekaa kwenye kiti, kitambaa shingoni. Kentucky na Saint Peter's, kachuo kadogo ka New Jersey ambako hata wazungu walikuwa wanaulizana kako wapi. Tshiebwe siku hiyo aliwachapa pointi 30 na rebaundi 16. Na bado Kentucky wakapigwa, 85 kwa 79, dakika za nyongeza. Kinyozi alisahau kichwa changu, upande mmoja umekatwa upande mmoja msitu, mashine inanguruma mkononi, macho kwenye tivii. Nikaona ndo nafasi yangu ya kutoa zile hoja za mzee, nikasema mnaona sasa, kocha hana plani ya pili. Papa mmoja wa Lubumbashi akanigeukia taratibu, “Weye Mutanzania, nyamaza kwanza. Ule mutoto wa kwetu amefanya yote, amefanya yote! Kosa ni ya bale bengine.”

Nikanyamaza. Nywele zenyewe hazijaisha, unabishana na nani.

Ila nilivorudi nyumbani nikaanza kuona kwamba hoja kubwa ya mtaani ilikuwa imekatika miguu. Miaka yote wanasema udhaifu wa Calipari ni kutegemea watoto wa mwaka wa kwanza, wanakuja miezi 8 wanaondoka, hawajakomaa. Sawa, 2015 nakubali kidogo. Lakini ile timu ya 2022 haikuwa ya watoto! Ilikuwa na watu wazima walioshahama vyuo, na Oscar mwenyewe alitokea chuo cha West Virginia. Wamefungwa vilevile. Baada ya 2019 mpaka anaondoka alishinda mechi 1 tu ya March Madness, yale mashindano ya ubingwa wa vyuo, na katikati hapo kuna ule msimu wa korona wa ushindi 9 na vipigo 16 ambao mzee wa foklifti hataki hata utajwe wakati wa kula.

Kwa hiyo mi naona umri sio ugonjwa. Ugonjwa ni kwamba jamaa anashinda kazi yake mapema, anaimaliza sebuleni kwa wazazi wakati wa kusajili, akishapata vijana bora kuliko wa kwako anaona mechi imeshachezwa. 2024 ndo ilinimaliza. Kentucky wakakutana na chuo cha Oakland, wana mtu mmoja, Jack Gohlke, ana miaka 24, ametoka chuo cha daraja la pili, kazi yake ni kurusha tatu tu hana lingine, mpaka mimi wa Mwanza nilikuwa najua. Akapiga 10. Ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya sita bado anaachwa huru? Hata timu ya mtaani Igoma mtu akikufunga mara 3 toka sehemu moja mnamuwekea mtu wa kumganda kama kupe. Wakafungwa 80 kwa 76, na kumfukuza kocha ilikuwa haiwezekani kirahisi kwa sababu mkataba ulitaka alipwe zaidi ya dola milioni 33.

Sasa saluni hiyo hoja ya sebuleni wanaigeuza, ndo naipendea ile saluni. Kuna mama anasukaga pale nyuma, hana habari na kikapu kabisa, akauliza huyo mwalimu anawaambia nini wazazi? Nikamwambia anawaambia mtoto wako nitamfikisha NBA. Anawafikisha? Nikasema wengi tu. Akasema sasa shida yenu nini, na akaendelea na rasta zake. Wote pale tunatuma hela nyumbani kila mwezi, hakuna aliyekuwa na jibu.

Ila Oscar hakufika kirahisi hivyo. Alirudi msimu wa pili, 2023 drafti, pale timu za NBA zinapochagua vijana, ikapita bila jina lake kuitwa. Na hela za matangazo ambazo wenzake walikuwa wanazila hapahapa, yeye viza ya mwanafunzi ilikuwa inambana, ikabidi ile safari ya timu ya Bahamas ndo aitumie kufanya dili zake. Pale saluni hiyo ndo stori waliyoielewa kuliko rebaundi zote. Karatasi! Kila mtu akaanza kutoa ya kwake, kesi nzima ya kocha ikafa.

Aprili 2024 Calipari akaondoka mwenyewe kwenda chuo cha Arkansas. Tarehe 1 Februari 2025 akarudi Rupp na timu mpya, akazomewa toka anaingia, akawafunga 89 kwa 79. Jumatatu usiku nikamkuta mzee kakaa juu ya pleti ya mizigo, kofia ipo ila kimya. Nikamtania, anajua kubadilika sasa eti. Akanitazama. Akaniuliza kocha wa hivi kwenu Afrika mngemfanyaje. Nikamwambia kwetu Simba au Yanga angeshapewa tiketi ya ndege 2010, ile siku amefungwa na West Virginia akiwa na John Wall.

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza, hao Yanga wanacheza lini?

Sikuwa najua saa.