Nimevuka Daraja la Brooklyn kwa miguu

Jana jioni nimelivuka daraja hili la New York, mbao zikilia chini ya viatu na magari yakinguruma huku na huku. Katikati nikasimama, nikashika waya mmoja. Baridi, umesokotwa kama kamba ya katani. Nikaiwaza familia ya Roebling, iliyolijenga.

John Roebling alizaliwa Mühlhausen, Ujerumani, mwaka 1806. Alihamia Marekani mwaka 1831, akaanzisha kijiji cha Saxonburg, Pennsylvania, pamoja na Wajerumani wenzake, akajaribu kilimo, kisha akageukia kusokota kamba za waya. Daraja hili alilichora yeye lakini hakuliona. Mwaka 1869, akiwa anapima eneo, boti ya kivuko iliuponda mguu wake. Pepopunda ikamuua ndani ya wiki chache.

Mwanawe Washington akaichukua kazi. Misingi ilichimbwa chini ya mto, ndani ya masanduku makubwa ya mbao yaliyojazwa hewa iliyoshindiliwa. Ukitoka humo haraka, mwili unaharibika. Naye ukamharibikia, akabaki chumbani akiangalia ujenzi kwa darubini dirishani.

Aliyenigusa zaidi ni mkewe, Emily. Yeye hakuwa Mjerumani, aliolewa tu katika ukoo huo. Alijifunza hesabu na nguvu za vyuma, akapeleka maagizo kwa mafundi miaka zaidi ya 10. Jamani, mama huyu! Pale kwenye mnara kuna kibao chenye jina lake, nimekigusa kwa mkono.

Kabla daraja halijafunguliwa Mei 24, 1883, yeye ndiye alilivuka kwanza kwa gari la farasi, amempakata jogoo, ishara ya ushindi.