Rafu ya moli moja moja: kumbukumbu ya mradi wangu wa kemia

Siku ya 1

Mradi huu umeanzia kwenye swali nililoshindwa kulijibu. Mpwa wangu alikuja na daftari lake la kemia, akaniwekea mezani hesabu ya kubadili gramu kuwa moli. Nikamwonyesha njia: chukua uzito, gawanya kwa masi molari, yaani gramu za moli moja ya kitu hicho, umepata. Jibu likatoka sawasawa. Akanitazama.

"Mjomba, kugawanya nimeelewa. Sasa hiyo moli yenyewe ni nini?"

Nikamtajia ile namba ndefu, na hata kabla sijamaliza kuitaja nilijua sijamjibu.

Mimi nilijifunza hesabu hizi kwa ile pembetatu ya m (uzito), n (idadi ya moli) na M (masi molari): funika unachokitafuta, vilivyobaki vinakuonyesha cha kufanya. Pembetatu hutoa majibu hata kwa mtu asiyejua anahesabu nini, na hapo ndipo iliponiacha. Kwa hiyo nimeamua kupima moli moja ya kila kitu ninachoweza kukishika bila hatari, nikitie kwenye chupa, na chupa zote zikae kwenye rafu moja. Nina mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, chupa za kioo, jedwali la elementi na daftari hili.

Siku ya 2: maji

Nimeanza na maji kwa sababu fomula yake kila mtu anaijua. Hidrojeni mbili, kila moja 1.008, na oksijeni moja, 15.999. Jumla 18.015. Nikaweka chupa juu ya mizani, nikairudisha sifuri, nikadondosha maji hadi ikasoma 18.0.

Maji yamefunika kitako cha chupa tu. Ni mililita 18, yaani kijiko kikubwa kimoja na ziada kidogo. Na humo ndani, molekuli 602,214,076,000,000,000,000,000. Nimeziandika sifuri zote makusudi. Nikapiga hesabu: kama ningeweza kuhesabu molekuli milioni moja kila sekunde, bila kulala, ningemaliza baada ya miaka kama bilioni 19. Ulimwengu wenyewe una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi.

Ndiyo maana hatuhesabu, tunapima. Fundi anayetaka misumari elfu moja hakai chini kuichambua mmoja mmoja. Anapima kumi, anajua kumi ina gramu ngapi, kisha anapima fungu zima. Masi molari ndiyo "kumi ina gramu ngapi" ya mkemia, ila fungu lake si kumi.

Nadhani leo ningemjibu mpwa wangu hivi: moli ni neno la kuhesabia, ndugu yake dazeni na korija. Dazeni ni 12, korija ni 20, moli ni 6.02214076 × 10²³. Ukimwambia mtu "nina korija", anaelewa ni ishirini lakini bado anasubiri umwambie korija ya nini. Na moli ni hivyo hivyo. Nimeandika swali hilo kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari: *moli ya nini?*

Siku ya 3

Sijapima kitu leo. Nimekaa na swali la kwa nini namba za jedwali zinageuka gramu moja kwa moja. Atomu ya kaboni-12, aina ya kaboni iliyo ya kawaida zaidi, ina uzito wa 12 katika kipimo cha atomu. Vipi moli yake iwe gramu 12, si 7 wala 40?

Jibu ni kwamba namba ya moli ilichaguliwa ili iwe hivyo. Mwaka 1971 moli ilipoingizwa kwenye vipimo vya msingi vya kimataifa, ilielezwa kuwa ni idadi ya atomu zilizomo ndani ya gramu 12 za kaboni-12. Idadi yenyewe ilibidi itafutwe kwa vipimo. Tangu tarehe 20 Mei 2019 mambo yamegeuzwa: sasa namba imewekwa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, na uzito wa moli ya kaboni-12 ndio unaopimwa. Tofauti yake na gramu 12 ni ndogo mno, mizani yangu haiwezi hata kuiota.

Jina la Avogadro limebandikwa kwenye namba hii, ila yeye hakuwahi kuijua. Alichosema mwaka 1811 ni kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo (mgandamizo) sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Alifariki mwaka 1856. Aliyependekeza namba iitwe kwa jina lake ni Jean Perrin wa Ufaransa, mwaka 1909. Nalipenda hilo: mtu alisema "idadi ni sawa" miongo mingi kabla yeyote hajaweza kusema ni ngapi.

Siku ya 5: metali

Leo ndiyo siku niliyoifurahia kuliko zote mpaka sasa.

Nimepima waya wa shaba gramu 63.5, misumari ya chuma gramu 55.8 na waya wa alumini gramu 27.0. Misumari si chuma kitupu, ina kaboni kidogo ndani yake, kwa hiyo kwenye lebo nimeandika "takriban". Vifungu vitatu mezani, kila kimoja atomu 6.022 × 10²³. Kwa mkono unahisi tofauti mara moja: alumini ni nyepesi, shaba inalemea.

Kisha nikataka kujua vinachukua nafasi kiasi gani. Nikatia maji kwenye silinda ya kupimia hadi alama ya 50. Nikazamisha shaba, maji yakapanda hadi 57. Nikaitoa, nikayarudisha maji kwenye 50, nikazamisha misumari. Ikanibidi niigongegonge silinda ili viputo vya hewa vitoke. Maji yakasimama pale pale, 57.

Nikarudia mara mbili. Ni 57 zote mbili.

Shaba inazidi chuma kwa karibu gramu nane, lakini moli moja ya kila kimoja inachukua mililita saba. Maana yake atomu ya shaba na atomu ya chuma zimepewa nafasi karibu sawa ndani ya metali zao. Kinachotofautisha vifungu hivi viwili ni uzito wa atomu moja moja, maana idadi ni ile ile. Alumini, iliyo nyepesi kuliko zote tatu, ikapandisha maji hadi 60. Atomu zake ni nyepesi na bado zinajitanua zaidi.

Hesabu inakubali: 63.55 ukigawa kwa densiti ya shaba, yaani gramu za kila mililita, 8.96, unapata 7.09. Chuma, 55.85 kwa 7.87, unapata 7.10. Lakini nisingekwenda kuipiga hesabu hiyo kama maji yasingesimama mahali pamoja.

Siku ya 6: chumvi

Sodiamu 22.99, klorini 35.45, jumla 58.44. Chupa imejaa hadi robo.

Hiyo 35.45 iliwahi kunisumbua nikiwa mwanafunzi. Hakuna atomu ya klorini yenye uzito wa 35.45. Zipo za 35, ambazo ni karibu robo tatu, na za 37, karibu robo moja. Jedwali linatoa wastani kadiri aina hizo zinavyopatikana katika maumbile. Kwa atomu moja wastani huo hauna maana, lakini kwenye fungu la moli nzima ndio unaosomeka kwenye mizani.

Chumvi pia ndiyo iliyonikumbusha maandishi mekundu ya kwenye jalada. Lebo ya kwanza niliandika "moli 1 ya molekuli za chumvi". Nimeing'oa. Chumvi haina molekuli. Ni ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, za sodiamu na za kloridi zilizopangana kwa zamu. Kilicho moli moja ni jozi za NaCl, sodiamu moja na kloridi moja. Ukizihesabu ayoni zote pamoja, chupa hiyo ina moli mbili. Chupa ile ile, gramu zile zile, majibu mawili, na yote ni kweli kutegemea unahesabu nini. Oksijeni nayo ni hivyo hivyo: moli ya atomu zake ni gramu 16, moli ya O₂, molekuli yenye atomu mbili, ni gramu 32. Nina hakika hapo ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza alama, na si kwa kutojua kugawanya.

Siku ya 9: sukari

Gramu 342.3. Imenibidi nitafute chupa kubwa kuliko zote. C₁₂H₂₂O₁₁ ni molekuli nzito, na ukiiweka pembeni ya ile chupa ya maji huamini kwamba idadi ya molekuli ni ile ile.

Jioni mpwa wangu alipita, nikampa hesabu: gramu 25 za sukari zina gramu ngapi za kaboni? Safari hii nilimkataza pembetatu. Nikamtaka aandike vipimo kila hatua na kuvikata. Gramu 25 kugawa kwa gramu 342.3 kwa moli: gramu zinakatana, inabaki moli 0.073 ya sukari. Kila moli ya sukari ina moli 12 za kaboni, kwa hiyo moli 0.876 ya kaboni. Zidisha kwa gramu 12.01 kwa moli: gramu 10.5. Katikati ya kazi akasimama mwenyewe, akanyanyua kalamu: "Hapa sasa ni moli ya sukari au ya kaboni, Mjomba?" Sikumjibu. Akaandika "ya kaboni" pembeni, akaendelea.

Siku ya 12: bikaboneti, na kosa

Kupanga chupa hakutoshi. Nataka kuona kama moli inaweza kunitabiria jambo kabla halijatokea. Nimechagua bikaboneti ya sodiamu, ule unga mweupe wa kuumulia keki. NaHCO₃ ni gramu 84.0 kwa moli. Ukiupasha joto la kutosha unavunjika, mvuke wa maji na kaboni dioksidi vinatoka, inabaki kaboneti ya sodiamu, Na₂CO₃, gramu 106.0 kwa moli.

Nikapima gramu 42.0, nusu moli. Kabla ya kuwasha oveni nikaandika utabiri: nusu moli itatoa nusu moli, kwa hiyo gramu 53.0.

Nikaitazama namba hiyo kwa muda. Nimeanza na gramu 42, gesi zinatoka, halafu kinachobaki kiwe gramu 53? Haiwezekani. Nikarudi kwenye mlinganyo, nikauandika wote:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Moli mbili za bikaboneti ndizo zinazotoa moli moja ya kaboneti. Nusu moli itatoa robo moli: gramu 26.5. Robo moli ya maji ni gramu 4.5, robo moli ya kaboni dioksidi ni gramu 11.0. Jumla ya vyote vitatu ni 42.0. Hapo ndipo nikawasha oveni.

Siku ya 13

Nyuzi 200, sinia ya chuma, unga umetandazwa wembamba. Nikaupima kila baada ya nusu saa, ukishapoa:

Nusu saa: 30.2. Saa moja: 27.1. Saa moja na nusu: 26.6. Saa mbili: 26.6.

Uliposimama, ukasimama gramu 0.1 kutoka kwenye utabiri. Kwa mizani yangu hiyo ni chembe moja ya kipimo. Niliinama juu ya ile sinia nikijua kwamba gramu 15.4 zimeondoka chumbani bila kuonekana, na kwamba nilizijua kabla hazijaondoka, kwa kalamu tu.

Kaboneti inawasha zaidi kuliko bikaboneti, kwa hiyo nimeitia kwenye chupa yake kwa kijiko na miwani machoni. Lebo: *moli 0.25 ya Na₂CO₃*. Ndiyo chupa pekee kwenye rafu isiyo na moli nzima, na nimeiacha hivyo.

Siku ya 17: hewa

Rafu ilikuwa imebaki na pengo, gesi. Kwenye nyuzi 25 na kanieneo ya kawaida ya usawa wa bahari, moli moja ya gesi, iwe hidrojeni au kaboni dioksidi, inachukua karibu lita 24.5. Hapa ndipo lile neno la Avogadro la 1811 linaposhikika: ujazo ule ule, idadi ile ile, gesi yoyote.

Chupa ya lita 24.5 sina. Nikapiga hesabu ya mchemraba, ikaja sentimita 29 kila upande. Nikakata kadibodi, nikagundisha pande sita kwa gundi ya karatasi. Masi molari ya hewa, ukichukua wastani wa nitrojeni, oksijeni na mabaki mengine, ni gramu 29 kwa moli. Sentimita 29, gramu 29. Namba hizo kukutana ni bahati tu, lakini sasa sitazisahau.

Sanduku halikuenea kwenye rafu, limekaa sakafuni chini yake. Mpwa wangu alipoingia alilifungua, akachungulia, akaona halina kitu. Akasoma lebo. Akalifunga taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Ya molekuli," akasema. "Si ya atomu."