Siku Moja Maishani Mwangu: Kutembeza Wageni Kilwa Kisiwani

Saa 11:30 alfajiri nilikuwa tayari ufukweni Kilwa Masoko, kwa sababu kazi yangu ya kutembeza wageni hupangwa na maji. Juzi mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo leo tulikuwa katika bamvua: bahari ingekupwa hadi karibu saa 4 asubuhi, kisha ijae hadi saa 10 jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Mwaka wangu wa kwanza niliyakosea mahesabu hayo, mashua ikakaa juu ya matope saa nyingi, na nyuso za watoto waliochomwa na jua siku ile sijazisahau.

Saa 1:15 waliwasili wageni wangu, familia ya watu sita kutoka Nachingwea, wakiwa na vibali vyao mkononi. Bibi yao hakuwa amewahi kupanda chombo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hakitatuzamisha hiki?"

Nahodha wetu, mzee ambaye sote humwita Babu, alimkalisha katikati ya mashua na kumwekea gunia kavu miguuni. Kuvuka hadi Kilwa Kisiwani, penye magofu ya mji wa kale, ni mwendo mfupi.

Saa 2 tulikuwa chini ya kuta za Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya na Waomani. Hapo huwaonyesha wageni jinsi mawimbi yalivyoula msingi, nao huelewa haraka kwa nini mikoko inayokua ufukweni ni walinzi wa mji huu kama zilivyo kuta zenyewe. Msikiti Mkuu, ambao Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, aliufahamu alipofika Kilwa mwaka 1331, tuliupitia kwa utulivu lakini bila kukawia, maana maji yalikuwa yakituita.

Saa 4 bahari ilikuwa imekwenda mbali. Wanawake wa kisiwani walikuwa wametawanyika miambani na vijiti vyenye ncha, wakitafuta pweza katika mashimo, na mmoja wao alimruhusu mtoto wa wageni wangu kugusa mnyama aliyekuwa bado akibadilika rangi, kutoka kahawia hadi weupe. Tuliinama pia kuwatazama kaa wadogo wenye gando moja kubwa, ambao dume hulipungia jike kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya pili. Ukipiga hatua moja, wote wanatoweka matopeni. Niliokota kipande cha tumbawe lililokufa nikakiweka kando ya jiwe la ukuta uliobomoka, na mwalimu mstaafu aliyekuwa miongoni mwa wageni akanyamaza kwa muda mrefu, kwa kuwa vilikuwa kitu kimoja. Mji huu wote ulitoka baharini: mawe ni matumbawe, chokaa ni matumbawe yaliyochomwa, na boriti za dari zilikuwa za mikoko, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba, visivyozidi urefu wa mti.

Tulikula wali na samaki wa nazi kwa mama mmoja kijijini.

Saa 8:30, maji yakijaa, Babu alitupeleka kwa upondo ndani ya mkondo wa mikoko. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Mkoko wenyewe husimama kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, ilhali mchu, aina nyingine ya mkoko, huchomoza mizizi yake juu ya tope mfano wa penseli ili ipate hewa. Mdiria alipita mbele yetu na bibi akaangua kicheko cha furaha. Hakuuliza tena habari za kuzama.

Saa 10 tulitweka tanga, upepo wa kusi ukitusukuma kwa nyuma hadi Masoko. Niliwaaga wageni, nikamsaidia Babu kufua maji, kisha nikawapigia simu wageni wa kesho kuwaambia kwamba tutaondoka saa 2 badala ya saa 1:15, kwa kuwa maji yatachelewa kwa takriban dakika 50.