Matundu mawili ya sindano

Nimetoka makumbusho sasa hivi, hapa Ottawa. Nangoja basi, vidole vimeganda, lakini lazima niandike.

Watu walijazana kwenye vyusa vya wawindaji wa Aktiki, kule kwenye barafu kaskazini kabisa mwa dunia. Ni kweli vinavutia: kichwa cha pembe ya walrasi (mnyama mkubwa wa bahari za baridi) kinachomoka kwenye mpini kikishamchoma mnyama, kisha kinageuka kiubavu chini ya ngozi. Hakitoki ng'o!

Mimi nilikwama kwenye sindano mbili za mfupa.

Ya kwanza ni ya watu wa Dorset, waliokuwa Aktiki ya mashariki kabla ya Wainuit, wenyeji wa kule leo. Mwanaanthropolojia Diamond Jenness ndiye aliyewatambua mwaka 1925, kwa kuchunguza vifaa vilivyoletwa makumbusho.

Tundu lake ni refu na jembamba. Limekwanguliwa kwa ncha ya jiwe, kidogo kidogo, mpaka likatokea upande wa pili.

Ya pili ni ya Wathule, mababu wa Wainuit wa leo, waliotoka Alaska. Tundu duara, safi kabisa. Wao walikuwa na keekee ya uta, ile inayozungushwa kwa kamba ya uta unaovutwa huku na huku.

Wadorset hawakuwa nayo. Kila tundu walilikwangua kwa mkono, na mfupa mwembamba vile ukipasuka unaanza upya. Na bila sindano hakuna nguo ya ngozi, bila nguo hakuna kuishi kule.

Nimeingiwa na heshima kubwa kwa yule fundi.

Ndugu zangu wa Lamu na Pemba, nani amemwona fundi wa majahazi akitoboa mbao kwa keekee ya uta? Nisimulieni, na picha kama mnazo.